Sayari Hazina Taa: Majibu kwa Wasomaji Wanaojenga Mfumo wa Jua Nyumbani

Tangu tulipochapa picha ya chumba cha mtoto kilichoning'inizwa sayari zinazowaka, barua zimekuwa zikifika mfululizo, nyingi zikiuliza jambo lilelile kwa maneno tofauti. Tumechagua tano. Ya kwanza tumeijibu kwa kirefu, kwa sababu ndani yake limo kosa ambalo karibu kila anayeanza kazi hii hulifanya, mwandishi wa safu hii akiwa mmojawao.

*Binti yangu yuko darasa la sita na ameniganda kama ruba, anataka sayari nane zitakazowaka usiku juu ya kitanda chake. Tumekwisha kununua taa za mapambo za rangi, zile za kuchomeka ukutani, pamoja na mipira minane ya plastiki yenye ukubwa mmoja. Je, tutoboe kila mpira na kuingiza taa ndani, au kuna njia iliyo bora? Naogopa pia moto.* — Mzazi, Tanga

Ndugu mzazi, kabla hamjatoboa hata mpira mmoja, nikusimulie yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita niliunda sayari za karatasi, nikapachika taa ndani ya kila moja, nikazima taa ya chumba na kukaa nikingoja sifa. Mtoto wa jirani alizitazama kwa makini, kisha akauliza kwa nini kuna majua tisa. Sikuwa na jibu, kwa kuwa nilichokijenga kilikuwa kweli majua tisa: moja kubwa katikati na mengine manane ya rangi mbalimbali yakilizunguka, mithili ya taa za ukumbi wa harusi.

Sayari hazitoi mwanga wake zenyewe. Zuhura, ambayo wazee wetu huiita nyota ya alfajiri au nyota ya jioni kulingana na saa inapoonekana, hung'aa kuliko nyota zote za usiku kwa sababu tu mawingu yake meupe hurudisha sehemu kubwa ya mwanga wa Jua. Kila sayari, wakati wote, ina nusu iliyo mchana na nusu iliyo usiku, na ile nusu ya usiku ndiyo iliyowapa wanaastronomia mojawapo ya ushahidi wao mkubwa. Mwishoni mwa mwaka 1610, Galileo Galilei aliielekezea Zuhura darubini yake na kuona kwamba inapungua na kujaa kama Mwezi, mara hilali nyembamba, mara duara karibu kamili, jambo ambalo haliwezekani kutokea kwa namna ile isipokuwa Zuhura inalizunguka Jua. Sayari inayowaka pande zote humnyima mtoto nafasi ya kuliona jambo hilo kwa macho yake.

Wala sisemi mtupe taa mlizonunua. Zihifadhini kwa sikukuu, maana zile za kuchomeka ukutani moja kwa moja sipendi ziwe juu ya kitanda cha mtoto. Kwa kazi hii tumieni taa ndogo za LED zinazouzwa moja moja katika maduka ya vifaa vya redio, zikilishwa na chaja ya kawaida ya simu ambayo hutoa volti 5 tu. Fuateni pia kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha jibu langu: nusu ya kila sayari inayolipa Jua kisogo ipakwe rangi nyeusi kwa ndani, tabaka mbili au tatu, hadi mwanga usipenye kabisa. Hapo sayari itawaka usiku kama binti anavyotaka, lakini itawaka upande wa Jua peke yake, na mtu akizunguka chumbani ataiona ikibadilika kutoka duara kamili kuwa nusu, kisha hilali, kisha giza.

Kuhusu ukubwa, mipira minane iliyo sawa haitafaa. Chukueni kipimo cha sentimita 1 kwa kilomita 5,000. Dunia, yenye kipenyo cha kilomita 12,742, itakuwa na sentimita 2.5, Zuhura itapungua kidogo tu, Mirihi itakuwa sentimita 1.4 na Utaridi sentimita 1. Uranusi na Neptuni zitafikia kama sentimita 10 kila moja, Zohali 23, na Mshtarii, jabali la familia nzima, 28. Kwa sayari hizi nne kubwa, pulizeni puto hadi lifikie kipimo, mlibandike vipande vya karatasi nyepesi nyeupe kwa gundi ya uji wa unga wa ngano, tabaka tatu zinatosha, na mkiacha vikauke siku mbili mnaweza kulitoboa puto na kubaki na gamba jepesi linalopitisha mwanga vizuri. Michirizi ya Mshtarii nimeipata kwa chai ya rangi iliyokolea, iliyopakwa kwa brashi, nzuri kuliko rangi yoyote ya dukani niliyoijaribu. Dunia na Zuhura zinatoka vizuri kwenye kile kipira cha plastiki kilichoko mdomoni mwa chupa za manukato ya kwapani, ambacho ukubwa wake haupishani sana na tunaoutafuta. Utaridi na Mirihi ni ndogo mno hata kwa kipira, kwa hiyo hapo dondosheni gundi ya moto juu ya kichwa cha LED yenyewe, mkiizungusha polepole hadi gundi ipoe ikiwa tone la mviringo. Mirihi itumie LED nyekundu au ya rangi ya chungwa, kwa kuwa wekundu wake ni wa kutu ya chuma iliyoenea katika udongo wa sayari ile.

Pete za Zohali zikatwe kutoka kadibodi, kipenyo chake cha nje kikiwa sentimita 54 hivi, maana pete zenyewe zina upana unaozidi sayari mara mbili na kitu. Zilazwe mshazari, kiasi cha nyuzi 27. Mkiziweka sawasawa kama sinia kichwani mtakuwa mmeinyima Zohali sura yake.

Sasa umeme. LED nyeupe au ya buluu huhitaji volti zipatazo 3, na nyekundu au ya njano volti zipatazo 2, ilhali chaja inatoa 5, hivyo ziada lazima imezwe na rezista, kile kifaa kidogo kinachozuia mkondo, la sivyo LED itaungua kwa muda mfupi. Kwa mkondo wa miliampea 10, ambao unatosha kabisa katika chumba chenye giza, LED nyeupe iungwe na rezista ya omu 220 na nyekundu ya omu 330. Kila LED iwe na rezista yake, kisha zote nane ziunganishwe sambamba kwenye waya mbili kuu, mguu mrefu wa kila LED ukiwa upande wa chanya. Nane kwa pamoja hazitavuta hata sehemu ya kumi ya uwezo wa chaja iliyoandikwa ampea 1. LED za namna hii hazipati joto la kuwasha karatasi, lakini viungio vya waya visiachwe uchi, vifungwe kwa utepe wa umeme, na chaja ichomwe mahali panapoonekana badala ya kufichwa nyuma ya godoro. Balbu ya zamani yenye uzi wa kuungua isiingie ndani ya sayari yoyote. Jihadharini pia na mipira ya zamani ya tenisi ya meza: iliyotengenezwa kwa selulodi hushika moto kwa kasi ya kutisha, na ijapokuwa mashindano ya kimataifa yalianza kuiacha mwaka 2014, bado imejaa majumbani.

Ombi la mwisho kwako na kwa binti: msizipange sayari katika mstari mmoja kama mishikaki. Zikiwa mstari mmoja, mtu aliyesimama penye Dunia ataiona Zuhura daima ikiwa imempa nusu ya giza. Zitawanyeni pande mbalimbali za Jua, moja kushoto, nyingine kulia, nyingine ng'ambo ya kitanda, kila moja ikielekeza uso wake mweupe kwenye Jua. Jua lenyewe kwa kipimo hiki lingekuwa na kipenyo cha karibu mita 2.8, kwa hiyo mlichore ukutani kama upinde wa njano unaotokea nyuma ya kabati, na taa ndogo ya USB katikati yake.

*Wanafunzi wangu wa sayansi wamegawanyika. Kundi moja limejenga sayari zenye ukubwa sahihi, jingine limepanga umbali sahihi, na kila kundi linalishutumu jingine kwa uongo. Je, hakuna modeli moja inayoonyesha yote mawili ndani ya darasa?* — Mwalimu, Nakuru

Mwalimu, hakuna, na hesabu ya dakika tano ubaoni itawapatanisha. Chukua chumba chenye urefu wa mita 4.5 na uweke Jua ukutani, Neptuni kwenye ukuta wa pili. Kila sentimita sasa ni kilomita milioni 10. Dunia itakaa sentimita 15 kutoka kwenye Jua, Mshtarii sentimita 78, Zohali mita 1.4, na nafasi yote iliyobaki, theluthi mbili ya chumba, itakuwa na sayari mbili tu. Lakini kwa kipimo hichohicho Jua zima ni nukta ya milimita 1.4, na Dunia ni chembe isiyoonekana hata ukiitafuta kwa miwani. Hakuna taa itakayoiangaza.

Watoe nje basi. Uwanjani au barabarani tumia sentimita 1 kwa kilomita 10,000, nawe utaweza kufanya ununuzi wako wote sokoni. Utaridi ni punje ya pilipili manga, Mirihi punje ya mbaazi, Dunia na Zuhura ni gololi mbili, Uranusi na Neptuni ni ndimu mbili, Zohali ni nazi iliyofuliwa, Mshtarii ni balungi kubwa. Jua ni duara la kitambaa lenye upana wa karibu mita 1.4, urefu wa mtoto wa miaka kumi. Gololi ya Dunia itasimama mita 150 kutoka kwenye kitambaa, balungi la Mshtarii mita 780, na anayebeba ndimu ya Neptuni atembee kilomita 4.5, yaani apewe nauli ya boda ya kurudia. Mwezi, punje ya uwele, unakaa sentimita 38 kutoka kwenye gololi. Hiyo ndiyo safari ndefu kuliko zote ambazo binadamu amewahi kusafiri.

Kwa kuwa mmeshughulika na mwanga, waambie pia kwamba mwanga hupungua kwa mraba wa umbali. Neptuni iko mbali na Jua mara 30 kuliko Dunia, kwa hiyo hupata mwanga uliopungua mara 900. Mshtarii hupata moja ya ishirini na saba ya mwanga wetu. Darasani, wakiweka balbu moja katikati, wataona wenyewe jinsi sayari za mwisho zinavyofifia, na wasiharakishe kuongeza taa ya pili ili kuzisaidia.

Kuhusu kundi lililopanga umbali, wana ndugu yao wa zamani. Katika mji wa Franeker nchini Uholanzi, fundi mmoja wa kuchana sufu aliyeitwa Eise Eisinga, ambaye elimu yake ya hesabu aliitafuta mwenyewe vitabuni, alianza mwaka 1774 kujenga Mfumo wa Jua katika dari ya sebule yake. Mwezi Mei mwaka huo Mwezi na sayari kadhaa zilionekana zimekaribiana angani, na kijitabu kilichosambaa kiliwatia watu hofu kwamba zitagongana na Dunia itang'olewa kwenye njia yake. Eisinga alitaka majirani waone kwamba kukaribiana kule ni kwa macho tu, kwa kuwa sayari zenyewe ziko mbalimbali mno. Kazi ilimchukua miaka saba. Alitumia kipimo cha milimita 1 kwa kilomita milioni 1, na juu ya dari alificha magurudumu ya mbao yenye maelfu ya misumari iliyofuliwa kwa mkono ikiwa meno, yakiendeshwa na saa ya timazi, hata kila sayari ikatembea kwa mwendo wake halisi: Dunia mwaka mmoja, Zohali zaidi ya miaka 29. Sayari ya mwisho darini ni Zohali, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kujulikana alipoanza. Mwaka uleule wa 1781 alipomaliza, William Herschel akaigundua Uranusi kule Uingereza, na kwa kipimo cha Eisinga sayari hiyo mpya ingehitaji chumba chenye upana wa karibu mita 6, kwa hiyo haikuwa na mahali pa kukaa. Modeli hiyo bado inatembea, na mwaka 2023 UNESCO iliiingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Sayari zake hazina ukubwa sahihi hata kidogo. Wasomee wanafunzi hilo, kisha waulize ni kundi gani bado lina hamu ya kumshutumu mwenzake.

*Mimi ni fundi seremala. Nimetengeneza meza ya mviringo ya plaiwudi yenye upana wa mita 1.2, sayari zimesimama juu ya vijiti na kila moja ina taa yake. Nataka zizunguke kwa mota niliyoitoa kwenye maikrowevu iliyokufa, lakini kila nikijaribu waya zinasokotana. Nifanyeje?* — Fundi, Zanzibar

Fundi, ondoa taa zote za sayari na uweke moja tu katikati ya meza, nayo ipite kwenye tundu kutoka chini, isiyozunguka. Kwa upana wa mita 1.2 taa hiyo itazifikia sayari zote bila shida, hakutakuwa na waya wa kusokotana, na kila sayari itajigawia mchana na usiku wake yenyewe. Habari za mchana na usiku wa sayari nimekwisha kuzieleza kwa mzazi wa Tanga hapo juu, ingawa yeye atatumia taa ndani ya kila sayari. Kwako ni rahisi zaidi, kwa kuwa meza yako ni ndogo kuliko chumba chake. Kama ulifikiria betri za kifungo ndani ya kila kijiti, nakusihi uache. Mtoto akimeza betri ya namna hiyo inaweza kuunguza koo la chakula kwa muda wa saa mbili, na sayari zilizoko kimo cha meza ni kishawishi kikubwa kwa wadogo.

Kuhusu mota, kwanza soma kilichoandikwa juu yake. Nyingi hutumia volti 220 hadi 240, umeme kamili wa ukutani, na hazifai kuachwa wazi chini ya meza ya watoto. Pili, mota inazunguka mara tano au sita kwa dakika. Ukiifunga Dunia kwenye mota ya mizunguko mitano, mwaka wetu utapita kwa sekunde 12, Utaridi, ambayo humaliza mzunguko kwa siku 88, itapita mbio kwa sekunde tatu, na Neptuni yenye mwaka wa miaka 165 itachukua dakika 33, nawe utalazimika kuchonga meno ya magurudumu nane yenye mwendo tofauti. Eisinga aliliweza hilo kwa miaka saba.

Mimi ningetumia mkono. Toboa njia ya kila sayari kwa vitundu, upige mstari wa nyuzi 360 ukingoni mwa meza, na kila Ijumaa mtoto mmoja asogeze vijiti kinyume cha mwendo wa saa, kama anayetazama kutoka juu ya Ncha ya Kaskazini: Utaridi karibu nyuzi 29, Zuhura 11, Dunia 7, Mirihi pungufu kidogo ya 4. Mshtarii isogezwe nyuzi mbili na nusu kwa mwezi na Zohali nyuzi 1. Uranusi husogea nyuzi 4 na kitu kwa mwaka mzima, Neptuni nyuzi 2. Ukianza na mahali halisi pa sayari, ambapo programu za anga za simu huonyesha bila malipo, basi meza itakuambia kama Zuhura itaonekana jioni hii: jiweke penye Dunia, utazame Jua, kisha uone Zuhura iko upande gani. Ikiwa iko kushoto kwa Jua, itafute magharibi baada ya magharibi. Ikiwa kulia, amka kabla ya alfajiri.

*Kitabu changu kinaita sayari ya kwanza Zebaki na ya nane Kausi, nanyi mnaandika Utaridi na Neptuni. Niandike lipi kwenye vibao vya modeli yangu? Pia, Neptuni niipake buluu iliyokolea?* — Mwanafunzi, Mwanza

Andika Utaridi, Zuhura, Mirihi, Mshtarii na Zohali, ambayo ni majina ya zamani ya lugha yetu yaliyotoka kwenye Kiarabu, na sayari hizo tano ndizo zinazoonekana kwa urahisi kwa macho bila darubini. Zebaki ni ile madini ya majimaji. Imeingia vitabuni kwa sababu Kiingereza hutumia neno moja kwa madini na kwa sayari. Kausi ni jina la buruji, yaani kundi la nyota, ile ya upinde, kama vile Sumbula ni ya shuke, na mahali pake si kwenye orodha ya sayari. Uranusi na Neptuni hazina jina la kale kwa kuwa hakuna aliyezijua. Neptuni ilitambuliwa mara ya kwanza kuwa sayari mwaka 1846 huko Berlin, mahali palepale karibu kabisa ambapo hesabu za Mfaransa Urbain Le Verrier zilikuwa zimeelekeza. Katika mtihani, hata hivyo, andika analotaka mwalimu wako, ugomvi huu si wako. Pluto iache nje, au uiweke pembeni kwa heshima: tangu 2006 huhesabiwa kuwa sayari kibete.

Kuhusu rangi, usiikoleze. Picha maarufu za Neptuni zilizopigwa na chombo cha Voyager 2 mwaka 1989 ziliongezewa nguvu ya rangi ili mawingu yaonekane, na uchambuzi uliotolewa mwaka 2024 ulionyesha kwamba Uranusi na Neptuni zinafanana sana, zote mbili buluu-kijani iliyopauka, Neptuni ikizidi kidogo tu. Ukitumia LED, chukua nyeupe na uipake gamba la karatasi rangi nyepesi ya maji. LED ya buluu tupu itakupa taa ya baa.

*Mwanangu mhariri, mimi ni bibi wa wajukuu sita. Umeme wetu huku hauaminiki na hizo LED sizijui. Nina kandili. Naweza kuwafunza nini?* — Bibi, Lamu

Shikamoo, bibi. Kandili lako ni bora kuliko vyote nilivyovieleza hapo juu, kwa kuwa hakuna awezaye kulikosea: lipo moja, nalo ndilo linalowaka. Chagua lenye kioo kizima, liweke katikati ya chumba juu ya kigoda, na mwambie mkubwa wao asimame karibu nalo muda wote.

Chukua chungwa na kijiti cha mishikaki, ulitoboe kutoka kwenye kikonyo hadi kitakoni. Hapo una Dunia na mhimili wake. Chomeka karafuu moja katikati ya tumbo la chungwa, chini kidogo tu ya mstari wa kati, kwa kuwa Lamu iko zaidi kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta. Chomeka ya pili juu, zaidi ya nusu ya njia kutoka tumboni hadi kwenye kikonyo, nayo iwe London, ambako huenda una ndugu. Sasa inamisha kijiti, robo ya njia kutoka kusimama wima hadi kulala, maana Dunia imeinama nyuzi 23 na nusu, na ncha yake ya juu ielekee ukuta wa kaskazini. Ncha hiyo isiuache ukuta huo hata kidogo. Mjukuu alizungushe chungwa taratibu kwenye kijiti chake, kutoka magharibi kwenda mashariki, na wengine wahesabu karafuu inakaa mwangani muda gani.

Akisimama kusini mwa kandili, yaani kijiti kikiliinamia, karafuu ya London itakaa mwangani kwa sehemu kubwa ya mzunguko. Huo ni mwezi wa Juni, ambapo mchana wa London hupita saa 16. Akienda upande wa pili, kaskazini ya kandili, kijiti bado kikiangalia ukuta uleule, karafuu hiyo itazama gizani upesi, nao ni Desemba, mchana wa saa 8 tu. Karafuu ya Lamu haibadiliki: nusu mwangani, nusu gizani, popote mjukuu atakaposimama. Ndiyo maana sisi tunaweza kuanza kuhesabu saa za mchana tangu kuchomoza jua na kufika saa kumi na mbili linapotua, mwaka mzima, na mtu wa London hawezi.

Wakiuliza habari za Mwezi, na watauliza, mpe mdogo wao kunazi. Kwa chungwa la kawaida kunazi lina ukubwa unaofaa, kwa kuwa kipenyo cha Mwezi ni robo na kidogo ya kipenyo cha Dunia. Lakini asilishike karibu na chungwa kama wanavyochora vitabuni. Mwambie aende hatua tatu, mita 2.4 hivi, pengine hadi mlangoni au nje barazani, na akilizunguka chungwa kwa umbali huo apande shibiri moja juu ya usawa wa chungwa upande mmoja wa duara, na kushuka shibiri moja chini yake upande wa pili. Watakapoona jinsi kivuli cha kunazi kinavyopita juu au chini ya chungwa mara nyingi bila kuligusa, watajua wenyewe kwa nini hatupati kupatwa kwa jua kila mwezi unapoandama.